Nzi Aliye Ndani ya Jina la Dawa

Mwezi uliopita mzee mmoja wa skimu yetu alifika ofisini akiwa na chupa ndogo mfukoni, imefungwa kwa kipande cha gazeti. Alikuwa ameinunua sokoni. Ng'ombe wake wa gredi hakuwa ameonyesha dalili ya kutaka dume kwa muda wa miezi mitatu na zaidi, na muuzaji alimwambia kwamba sindano moja ya dawa ile ingemrudishia joto. Mzee hakuja kuuliza bei wala namna ya kudunga. Alikuja kuuliza neno.

Aliweka kidole juu ya karatasi ya chupa akasema, "Mwalimu, wewe umesoma. Neno hili oestrus maana yake ni nini? Sitaki kumtia ng'ombe wangu kitu nisichokijua hata jina."

Nilimwambia kwamba ameuliza vizuri. Mtu atumiaye dawa bila kujua jina lake ni sawa na mtu atiaye dole gumba kwenye hati asiyoweza kuisoma. Tulikaa tukazungumza kwa muda, na baadaye nikaona yafaa maelezo yale yaandikwe hapa, ili wakulima wengine nao wayapate.

NENO LATOKA KWA NZI

Neno oestrus ni la Kilatini, nao Walatini walilipata kwa Wayunani, yaani watu wa Ugiriki ya kale, waliosema oistros. Maana yake ni pange, yule nzi mkubwa aumaye ng'ombe, ambaye mahali pengine huitwa kipanga. Kila mchungaji amemwona mdudu huyu akifanya kazi yake. Ng'ombe wametulia malishoni, mara mmoja anainua mkia, anatupa kichwa, anakimbia huku na huku, hali tena majani wala hasikii mwito. Wayunani waliliona jambo hili hili. Kwa sababu hiyo neno la nzi likawa pia neno la wazimu unaomshika kiumbe ghafula.

Katika hadithi zao za kale yumo msichana aliyeitwa Io, aliyegeuzwa kuwa mtamba. Hera, mke wa mungu wao mkuu, alimwonea wivu akamtuma pange amfuate. Nzi yule alimuuma, naye mtamba akakimbia nchi baada ya nchi, asipate pumziko mpaka alipofika Misri. Hadithi ni hadithi, lakini bila shaka walioisimulia walijua tabia ya ng'ombe.

Mwaka 1758 mtaalamu wa Uswidi aitwaye Carl Linnaeus, aliyewapa wanyama na mimea majina ya kitaalamu, alilichukua neno hilo hilo akampa nzi mwingine. Ndiye Oestrus ovis, nzi wa pua za kondoo. Wafugaji wa kondoo humjua kwa kazi yake: hutia vibuu puani mwa kondoo, na kondoo wakimsikia hukusanyika pamoja, huinamisha pua chini, hupiga miguu na kupiga chafya.

Basi, neno hili liliingiaje katika habari za uzazi? Mwaka 1900 Mwingereza aitwaye Walter Heape aliandika juu ya majira ya kupandana ya wanyama. Heape ndiye aliyefaulu, mwaka 1890, kuhamisha mimba changa kutoka kwa sungura mmoja na kuitia katika tumbo la sungura mwingine. Alitaka neno moja la kutaja wakati ambapo mnyama jike yu tayari kumpokea dume, akachagua oestrus. Sisi husema ng'ombe ana joto. Heape alilikumbuka pange.

Mzee aliposikia haya alicheka, akasema, "Kumbe ni kweli. Ng'ombe mwenye joto hukimbia kama aliyeumwa."

Naye alisema kweli, na hapa ndipo neno la kale linapomfaa mkulima wa leo. Ng'ombe akihangaika, akilia mara kwa mara, akiacha kula, akipunguza maziwa, nawe huoni nzi juu yake, mwangalie sana. Tazama kama ute mweupe unaong'aa kama ute wa yai unamtoka. Zaidi ya yote, tazama kama anasimama kimya anapopandwa na wenzake, kwa kuwa hiyo ndiyo dalili iliyo kubwa kuliko zote. Joto hurudi kila baada ya siku 21 hivi, na wakati wa kusimama kupandwa ni wa saa chache tu, mara nyingi chini ya siku moja. Akionekana asubuhi, apandishwe jioni ya siku hiyo. Akionekana jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Joto likipita bila kuonekana, mkulima amepoteza siku 21 za kulisha ng'ombe asiye na mimba.

HOMONI NI TARISHI

Wazimu wa pange watoka nje, lakini joto la ng'ombe latoka ndani ya mwili wake. Ni nani anayemchoma huko ndani? Anayemchoma ni homoni.

Neno hili nalo ni la Kiyunani. Mwaka 1905 daktari aitwaye Ernest Starling alilitumia mbele ya madaktari wenzake mjini London. Alilitoa katika kitenzi chenye maana ya kuamsha au kusukuma kitu kiende. Homoni ni kitu kidogo sana kinachotengenezwa na tezi fulani ya mwili, kikaingia katika damu, kikasafiri mpaka kiungo kingine, na kukiamsha kifanye kazi yake.

Fikiri habari ya tarishi wa ofisi. Afisa yumo chumbani mwake, hatoki. Huandika barua, hupiga mhuri, humpa tarishi. Tarishi hupita katika vyumba vyote, lakini barua hufunguliwa na yule tu ambaye jina lake limeandikwa juu. Vivyo hivyo ovari ya ng'ombe huandika barua yake, damu huipeleka, nayo mji wa mimba, kiwele na ubongo huisoma na kutii. Homoni zinazoleta joto huitwa estrojeni, maana yake ni zinazozaa ule wazimu wa pange. Mmeona kwamba nzi yule yule yumo tena.

JINA LA VIPANDE VITATU

Baada ya mwaka 1920 wataalamu wa Marekani na Ujerumani walianza kuzitafuta estrojeni zenyewe, na mwaka 1929 waliweza kuipata moja ikiwa safi. Lakini kazi ilikuwa nzito na ya gharama kubwa. Ilikuwa lazima kukusanya mikojo mingi ya wanawake wajawazito, au ya farasi wenye mimba, ili kupata punje kidogo ya homoni. Tena homoni ile ikimezwa, ini huivunja upesi, na nguvu nyingi hupotea.

Mjini London alikuwako mtaalamu aitwaye Charles Dodds, wa hospitali ya Middlesex. Yeye aliuliza swali hili: je, haiwezekani kutengeneza maabarani kitu chenye kufanya kazi ile ile, kwa bei nafuu? Alishirikiana na Robert Robinson wa Oxford na wenzao, na mwezi wa Februari mwaka 1938 walitangaza kwamba wamekipata. Walikiita stilboestrol. Hapa tutasema stilbestroli.

Jina hili lina vipande vitatu, na kila kipande kina historia yake.

Cha kwanza ni stilb. Mwaka 1843 Mfaransa Auguste Laurent alipata kitu chenye chembe zinazong'aa sana, akakipa jina la stilbeni, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kung'aa. Dodds na wenzake walijenga dawa yao juu ya umbo la stilbeni hiyo. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya jina yasema: huyu ametoka katika nyumba ya wang'aao.

Cha pili ni estr. Huyu tumekwisha kumjua. Ni pange, yaani joto. Chasema: kazi yake ni kuleta joto.

Cha tatu ni ol. Hiki chatoka katika neno alkoholi, nalo alkoholi latoka katika Kiarabu, al-kuhl, yaani wanja, ule unga laini ambao wanawake wa pwani na wa Uarabuni hupaka machoni. Wataalamu wa Ulaya walilitumia neno hilo kwanza kwa unga wowote uliosagwa laini sana, kisha kwa kitu chochote kilichosafishwa sana, kisha kwa roho ya mvinyo. Baadaye walikata mkia wake, ol, wakaufunga kwenye majina ya vitu vyote vyenye sehemu ya namna ile, ambapo oksijeni na hidrojeni zimeshikana.

Basi jina zima ni kung'aa, na pange, na wanja. Ni jina zuri, na kwa mtaalamu ni jina la kweli, maana lamwonyesha umbo la kitu na kazi yake.

Jambo la ajabu ni hili. Stilbestroli haifanani sana kwa umbo na estrojeni ya asili. Ni kama barua iliyoandikwa kwenye karatasi nyingine kabisa, lakini mhuri wake wafanana na mhuri wa afisa. Viungo vya mwili huutazama mhuri, vikatii. Tena ikimezwa haivunjwi upesi. Tena ilikuwa rahisi kutengenezwa. Wenyewe hawakuitia chini ya hati ya kumiliki, kwa hiyo viwanda vingi viliweza kuitengeneza na kuiuza.

JINA HALIKUTAJA HATARI

Dawa hii ilienea upesi. Madaktari wa Marekani waliwapa wanawake wajawazito wakitumaini kwamba ingezuia mimba kuharibika. Wafugaji wa kuku waliwawekea majogoo vidonge vyake chini ya ngozi ya shingo, ili wanenepe na nyama iwe laini. Mwaka 1954 serikali ya Marekani iliruhusu itiwe katika chakula cha ng'ombe wa nyama, baada ya majaribio ya chuo cha kilimo cha Iowa. Kipimo kilikuwa miligramu 10 tu kwa ng'ombe mmoja kwa siku, nao ng'ombe walinenepa zaidi kwa chakula kile kile. Mkulima gani asingefurahi?

Lakini barua ya bandia haichagui msomaji. Mabaki ya dawa yalionekana katika nyama ya kuku, na mwaka 1959 matumizi yake kwa kuku yalikomeshwa nchini Marekani. Kwa wanawake habari ilikuwa mbaya zaidi. Tangu mwaka 1953 majaribio yalikuwa yameonyesha kwamba haizuii mimba kuharibika, na hata hivyo iliendelea kutolewa. Mwezi wa Aprili mwaka 1971 madaktari wa mji wa Boston walitangaza habari za wasichana 8 waliopata saratani ya ukeni ya namna ambayo ni nadra sana kuonekana kwa vijana. Walipowauliza mama zao, 7 kati ya hao 8 walikuwa wamepewa stilbestroli walipokuwa na mimba ya wasichana hao. Dawa ilikuwa imemezwa na mama, na ugonjwa ukamtokea binti baada ya miaka mingi. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo serikali ya Marekani iliwaonya madaktari wasiwape tena wajawazito.

Katika ng'ombe mabishano yaliendelea kwa miaka mingi, mpaka Marekani ilipoikataza kabisa mwaka 1979. Mwaka 1980 ilionekana katika chakula cha watoto kilichotengenezwa kwa nyama ya ndama nchini Italia, wazazi wakashtuka, na mwaka 1981 nchi za Soko la Pamoja la Ulaya ziliipiga marufuku kwa mifugo.

Hapo mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na jina halikusema?"

Halikusema. Jina lilitaja kung'aa na joto na wanja. Halikutaja nyama ya kuku wala mtoto aliye tumboni. Jina la dawa ni kama jina la ukoo: laonyesha mtu ametoka nyumba gani, lakini halionyeshi atafanya nini akiingia nyumbani mwako.

KUISOMA KARATASI YA CHUPA

Pamoja na hayo, ni vizuri kuujua ukoo. Karatasi ya chupa kwa kawaida huwa na majina mawili. Lile la herufi kubwa ni jina la biashara, ambalo mwenye kiwanda hulitunga apendavyo ili dawa inunuliwe. Lile la herufi ndogo ni jina la dawa yenyewe. Tangu mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani hutangaza orodha za majina haya ya pili ili dunia yote itumie jina moja. Katika majina hayo, dawa za ukoo mmoja hupewa kipande kimoja. Ukiona estr, ujue ni ukoo wa estrojeni. Ukiona prost, ujue ni ukoo wa prostaglandini. Lakini jina la biashara halifungwi na kanuni hii, kwa hiyo usilitegemee. Tafuta herufi ndogo.

Chupa ya mzee ilikuwa na neno oestrus katika maelezo ya kazi yake, lakini katika herufi ndogo tulikuta kile kipande cha pili, prost. Kwa hiyo haikuwa estrojeni hata kidogo.

Prostaglandini nayo ina habari yake. Miaka ya 1930 Mswidi aitwaye Ulf von Euler aliikuta katika shahawa, akadhani yatoka katika tezi ya kiume iitwayo prostati, akaipa jina la tezi hiyo. Baadaye ikajulikana kwamba katika shahawa hutoka hasa katika tezi nyingine, na kwamba karibu kila sehemu ya mwili huitengeneza. Kosa lilikwisha kuonekana, lakini jina lilikwisha kukaa.

Dawa za ukoo huu hutumiwa leo na madaktari wa mifugo, nazo zina faida kubwa zikitumiwa ipasavyo. Ng'ombe akiisha kupita joto, katika ovari yake hukua uvimbe mdogo wa rangi ya manjano, ambao kazi yake ni kuilinda mimba kama ipo na kulizuia joto jingine. Prostaglandini huuvunja uvimbe huo. Kama ng'ombe hana mimba, joto hurudi baada ya siku 2 hadi 5. Kama ana mimba, mlinzi wa mimba ameuawa, na mimba huweza kutoka.

MWISHO WA HABARI YA MZEE

Mimi ni karani, si daktari. Nilimwomba mzee asimdunge ng'ombe, nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Kesho yake daktari alikwenda shambani akampima ng'ombe kwa mkono. Alimkuta ana mimba ya zaidi ya miezi mitatu. Mzee alishangaa, kwa kuwa hakuwa amempandisha. Kisha akakumbuka kwamba ua wa upande wa mto ulikuwa umeanguka wakati wa mvua, na ndume wa jirani alikuwa akizurura. Ng'ombe hakuonyesha joto kwa sababu iliyo njema kuliko zote, na sindano ile ingemtoa ndama.

Chupa ile ilibaki kwa daktari. Ua umekwisha kutengenezwa.

Basi wakulima, mtu akikuletea dawa ya homoni, yakumbuke haya:

1. Usiidunge wewe mwenyewe. Mwite daktari wa mifugo, na ng'ombe apimwe mimba kwanza, hata kama una hakika kwamba hakupandwa.

2. Soma herufi ndogo. Kama huwezi kuzisoma, mpe mtoto wako wa shule azisome, au lete chupa ofisini. Dawa isiyo na karatasi usiinunue.

3. Uliza ni siku ngapi lazima zipite kabla ya kuuza maziwa au kuchinja. Wanaokunywa maziwa yako hawakuiona chupa.

4. Mama mjamzito na mtu mwenye pumu wasiiguse kabisa dawa ya prostaglandini. Hupita katika ngozi.

5. Andika katika daftari tarehe ya kila joto, ya kila kupandishwa na ya kila kuzaa. Daftari la senti chache lingalimwonyesha mzee mapema kwamba joto lilikoma mara tu ua ulipoanguka.

Alipokuwa akiondoka, mzee alisimama mlangoni akaniambia, "Mwalimu, sasa nikiona ng'ombe anakimbia nitatazama mambo mawili: kama kuna pange mgongoni, na kama kuna pange ndani." Nami nadhani hakuna mtaalamu ambaye angelieleza neno lile vizuri zaidi.